Nakala ya Mzee wa Kola

Zacheus Gachanja hakuwa mchoraji, na ukimwuliza angekuambia hivyo mwenyewe. Alikuwa fundi wa kunakili. Mletee kalenda yenye picha ya ng'ombe, naye angekuchorea ng'ombe yule yule kwenye ukuta wa bucha yako, pembe kwa pembe, na kama inzi walikuwa wameichafua kalenda, basi uchafu wa inzi nao ungeupata. Lakini ukimwambia akuchoree ng'ombe kutoka kichwani, ungepata kitu chenye miguu minne cha kuchekesha watoto. Mabango yote ya Kedowa yalikuwa ya mkono wake, na machache ya Litein pia: kikombe kinachofuka moshi kwenye mkahawa, simba aliyetoka kwenye kopo la polishi ya viatu, na Yesu wa kanisani, aliyeanza maisha yake kwenye kadi ya Krismasi ndogo kama kiganja. Watu walisema Yesu yule ni wa kadi kabisa, hana tofauti hata kidogo, na Zacheus hakuwahi kusikia sifa nyingine iliyomfurahisha hivyo.

Alifika Kedowa kutoka Kiambu mwaka wa thelathini na nne, akiwa na mke wake Nyathira na ndoo moja ya brashi. Miaka kumi na tisa baadaye walikuwa bado pale pale, katika nyumba ya mabati nyuma ya soko, wakitenganishwa kwa ukuta mmoja na fundi wa cherehani aitwaye Nganga na mkewe. Binti yao wa pekee, Wacera, alikuwa amezikwa mwendo mfupi kutoka mlangoni, chini ya miti ya miwati. Kiambu hawakuwa na kitu tena. Shamba la baba yake Zacheus lilikuwa limekwisha kugawanywa na ndugu zake, ambao walimhesabu kama mtu aliyepotea, na kusema kweli hawakumtafuta sana.

Ndipo ikaja ile amri ya mwaka wa hamsini na tatu. Vita vya msituni vilikuwa vimewaka huko Nyeri na Kiambu, na serikali ikaamua kwamba kila Mkikuyu aliye Bonde la Ufa ni wa kutiliwa shaka, awe ameshika panga au brashi. Watu wangerudishwa makwao kwa malori. Aliyetaka kubaki alihitaji barua ya Mzungu aliyemwajiri, na barua ilikuwa lazima imtaje kwa jina kila atakayebaki. Mume akiandikwa peke yake, mke alipanda lori. Zacheus alimjua mtu mmoja wa mashamba ya chini aliyebaki hivyo, na barua yake mfukoni na sufuria tatu asizojua kuzipikia.

Sasa fundi wa mabango mwajiri wake ni nani? Zacheus alikuwa amefanyia kazi kila mtu na hakuajiriwa na yeyote. Nganga naye alikuwa hivyo hivyo: alishona suruali za Wakipsigis, Waluo na Wahindi wa kituoni, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye barua yake ingesomwa. Wanaume hawa wawili walikaa jioni nyingi kwenye kibaraza kimoja wakilizungumzia jambo hilo mpaka maneno yakawaishia.

Kwa hiyo Johana alipokuja kumwita, Zacheus alivaa viatu kabla ya kuuliza. Johana, Mkipsigis, alikuwa mpishi wa memsahib Crowther, mke wa meneja wa shamba la chai lililoanza pale barabara inapoteremka kuelekea Kericho.

"Sakeus, memsahip anakutaka," Johana alisema. "Kuna picha ya mtu. Nimemwampia wewe unaweza kuantika mtu sawasawa kapisa."

Picha ilikuwa imetundikwa juu ya meko ya sebuleni. Ilikuwa ya mzee wa Kiholanzi mwenye ndevu za kuchongoka, koti jeusi, na kola kubwa ya kukunjwakunjwa iliyomzunguka shingo nzima kana kwamba kichwa kimewekwa juu ya sahani. Wafanyakazi walimwita Mzee wa Kola. Johana, ambaye kazi yake moja ilikuwa kumpangusa vumbi, alikuwa na desturi ya kumwamkia kila asubuhi, "Chamgei," kwa sababu alisema si vizuri kumpitia mtu mzima kimya.

Memsahib Crowther alieleza kwa kile Kiswahili cha masetla ambacho kila mtu pale alikielewa na hakuna aliyethubutu kukitumia nje ya pale. "Hii si ile ya kwanza. Ya kwanza iko Ulaya, nyumba kubwa, watu nalipa kuona. Babu yangu ilipata fundi, ilikaa mbele ya ile, nakili pole pole kwa mkono, miezi mitatu. Sasa dada yangu ya Nakuru nataka hii. Mimi nataka hii. Kila siku barua, kila siku maneno. Wewe tafanya ingine, moja hapa, moja kwake. Kama ni mzuri, klabu nataka sita."

Katika maelezo yote hayo Zacheus alisikia jambo moja: kwamba hata Ulaya kulikuwa na mafundi wa kunakili. Mtu fulani, jina lake halikukumbukwa hata na wenye picha, alikaa miezi mitatu mbele ya kazi ya mwingine, akila chakula chake baridi, ili tajiri apate kitu cha kupeleka nyumbani. Zacheus akahisi kama aliyekutana na mtu wa ukoo wake ugenini. Akaisogelea picha, akatazama jinsi kola ilivyopakwa, na akaona kwamba mtu yule alikuwa fundi hasa.

"Na barua, memsahib?" aliuliza. "Ya kukaa. Yangu na ya mke wangu."

"Barua taandika kama kazi ni mzuri."

Harufu ya tapentaini ilimuumiza memsahib kichwa, kwa hiyo Zacheus alipewa ghala la kuni nyuma ya nyumba, na mzee akateremshwa ukutani akapelekwa huko. Rangi zilikuja kutoka Nairobi kwa treni, ndani ya vijibomba vya madini ya risasi, na Zacheus alizinusa moja moja kama mwanamke anayechagua viungo. Alifunga nyuzi juu ya fremu, kwenda na kurudi, hadi uso wa mzee ukawa vijisanduku. Akachora vijisanduku vile vile kwenye turubai lake, kisha akaanza kumhamisha mzee kijisanduku kimoja kimoja. Kulikuwa na siku ya kope la kushoto. Kulikuwa na siku mbili za pua, maana pua ile ilikuwa na historia ndefu. Hakuharakisha na hakuongeza kitu. Picha ilikuwa imekaa juu ya meko miaka na miaka, imeshika moshi, vanishi imegeuka rangi ya chai ya mkandaa, na Zacheus alinakili moshi, akanakili vanishi, akanakili masizi yaliyojikusanya kwenye kona ya chini. Alichokiona ndicho alichokichora, hayo mengine hayakumhusu.

Kila adhuhuri Nyathira alipanda kutoka Kedowa na kikapu cha chakula. Alikaa juu ya gogo, akamtazama mumewe akila, akawatazama wazee wawili.

"Huyu wako anakaribia kuongea," alisema siku moja.

"Asiongee. Huyu mwingine haongei."

Baada ya wiki sita kazi ilikwisha, siku ya Jumatatu. Zilikuwa zimekuja habari kwamba malori yatafika Kedowa Ijumaa. Jumanne Zacheus akateremka kwa Bosire, seremala wa sokoni, kuchukua fremu mpya aliyomwagiza, na Nyathira alipofika na chakula akakuta ghala halina mtu. Akaamua kumsaidia. Akafagia. Akapanga kuni zilizosambaa. Kisha akamtazama mzee wa memsahib, ambaye sasa angerudishwa kwa mwenyewe, akaona aibu.

Nyathira alilelewa na mama ambaye hangeweza kurudisha chungu cha jirani bila kukisugua ndani na nje, hata kama alikipokea na masizi ya mwaka mzima. Kitu cha watu kinarudi kikiwa safi kuliko kilivyotoka, la sivyo watasema nini juu ya nyumba yako? Na mzee huyu alikuwa mchafu, hilo hata kipofu angeliona. Alikwenda jikoni kwa Johana akaomba maji moto na kipande cha sabuni, na Johana alimpa bila kuuliza. Ndani ya kikapu alikuwa na magadi aliyoyanunua asubuhi ya kulainishia maharagwe. Akayatia kwenye maji kiasi cha ngumi moja, akakunja mikono ya gauni, akaanza kuosha.

Zacheus aliporudi na fremu begani alimkuta mkewe amesimama mlangoni, amefurahi.

"Baba Wacera, njoo uone. Kumbe alikuwa mweupe hivi!"

Alikuwa mweupe kweli. Kola iling'aa. Koti lililokuwa jeusi tupu lilikuwa na maua ya hariri ambayo hakuna mtu pale Kericho aliyewahi kuyaona. Lakini pua ilikuwa imekwenda na maji. Kope la kushoto nalo lilikwenda, na shavu lote upande ule lilikuwa limebaki turubai na madoa ya kahawia. Zacheus alitazama picha, akatazama beseni, akaona siku mbili za pua ya yule fundi mwenzake wa Ulaya zikielea humo na povu.

Hakupiga kelele. Alikaa chini juu ya kuni, na Nyathira, ambaye miaka ishirini ya ndoa ilikuwa imemfundisha kusoma mgongo wa mumewe, akaelewa kabla ya kuambiwa.

"Nitaenda nimwambie mwenyewe," alisema. "Ni mikono yangu."

"Hutaenda. Mkikuyu gani ataingia nyumba ya Mzungu siku hizi aseme ameharibu kitu cha babu yake? Hutafika hata kwenye lori. Utafika jela."

"Sasa tutafanya nini?"

Zacheus alikuwa akiwatazama wale wazee wawili waliosimama bega kwa bega, na jibu lilijileta lenyewe kama mgeni asiyealikwa. Mmoja alikuwa na kola ya rangi ya moshi, uso wa kahawia na miaka mia ya masizi. Mwingine alikuwa anang'aa kama bango jipya. Mtu asiyejua angeonyesha yupi na kusema huyu ndiye wa zamani?

Siku ya Jumatano yote alifanya kazi ambayo hakuipenda. Alijaribu kumrudishia pua mzee aliyeoshwa, lakini kwa haraka ile pua ikatoka nene. Alitoa nakala yake kwenye mbao, akapaka nyuma ya turubai chai nzito iliyochemshwa mpaka ikawa kama wino, akaianika juani, akaipaka tena, mpaka mgongo wake ukazeeka pia. Kisha akaitia ndani ya fremu ya zamani, na mzee wa babu akamtia ndani ya fremu ya Bosire. Alipomaliza alijiona mchafu kuliko wazee wote wawili.

Alhamisi asubuhi Johana alikuja kuwachukua wazee wawili. Alimtundika juu ya meko yule aliyekuwa katika fremu ya zamani, akarudi nyuma hatua moja, akafungua mdomo kumwamkia, akaufunga. Alinusa. Akamgeukia Zacheus aliyesimama karibu na mlango ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mzee leo ananuka tapentaini," alisema polepole, kisha akaenda kuchukua chai ya memsahib.

Memsahib Crowther aliweka picha ya pili juu ya kiti, chini ya ile ya ukutani, akazitazama kwa muda mrefu, kichwa upande huu, kichwa upande ule.

"Hii yako ni mzuri kidogo," alisema akigusa fremu ya Bosire. "Lakini ona. Nyeupe sana. Mpya sana. Pua kama viazi. Sasa ona hii ya babu. Ona macho. Huyu mtu iko nafikiri. Ile yako nafikiri hapana. Si makosa yako, Zacheus. Yule fundi ya Ulaya ilisoma hii kazi miaka mingi."

Sikio moja la Zacheus lilisikia sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, na la pili likasikia lori.

"Dada yangu tapata hii yako. Yeye hataona," memsahib aliendelea, na ilionekana wazo hilo linamfurahisha. "Picha za klabu tapeleka Nairobi. Asante."

"Na barua, memsahib?"

"Barua ya kazi gani? Kazi iko kwisha."

Angeweza kuondoka hapo. Angeipeleka siri yake Kiambu, na Mzee wa Kola wa Kedowa angebaki juu ya meko ile akisifiwa mpaka Waingereza wote warudi kwao. Lakini kule nyuma ya soko Nyathira alikuwa amekaa juu ya kitanda, hajafunga hata mzigo mmoja, akingoja. Zacheus akapiga moyo konde.

"Memsahib, ile iliyo ukutani ni yangu."

Memsahib alicheka, tena kwa wema. Zacheus akarudia. "Ya babu yako ni hii ya hapa chini. Iliharibika. Hiyo pua ya viazi ndiyo yangu, nimeirekebisha vibaya. Lakini ile ya ukutani nimechora mimi, yote, mpaka moshi."

Kicheko kikaisha. "Wewe mwongo," alisema memsahib. "Hapana mtu ya hapa naweza fanya ile."

Mambo ya ajabu humkasirisha binadamu. Amri ya serikali Zacheus alikuwa ameimeza, na lori alikuwa ameanza kulimeza, lakini maneno haya yalimkwama kooni. Alivuka zulia bila kuvua viatu, akanyoosha mkono juu ya meko, akakandamiza kidole gumba katikati ya kola. Akakirudisha na kukiinua mbele ya macho ya memsahib. Kilikuwa kimepakwa rangi ile ile ya moshi.

"Kola ya miaka mia haipaki mtu kidole," alisema.

Johana alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Memsahib akaenda mwenyewe mpaka kwenye meko, akagusa kola upande wa pili kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole chake, na sasa kola ilikuwa na alama mbili.

"Ile ya babu. Nani naharibu?"

"Mimi. Niliiosha."

"Kwa nini naosha?"

"Ilikuwa chafu, memsahib. Kwetu kitu cha mtu hakirudishwi kikiwa kichafu."

Memsahib akawa mwekundu kutoka shingoni hadi kwenye nywele. Johana akatazama dari, kwa maana kumpangusa mzee ilikuwa kazi yake. Zilifuata dakika za maneno makali ya Kiingereza ambayo kati yake Zacheus alielewa mawili, "police" likiwa mojawapo. Halafu maneno yakapungua, na memsahib akakaa kwenye kiti akiwatazama wazee wake, mmoja hana pua ya maana, mwingine kolani ana alama za vidole.

"Dada yangu nakuja Pasaka," alisema mwishowe, kama anayejiambia mwenyewe. "Wewe naweza tengeneza?"

"Naweza. Kola yangu nitaijaza. Na pua ya babu nitainakili kutoka kwa hii yangu, pole pole, bila haraka. Iko hapo yote, kila mkunjo."

"Siku ngapi?"

"Kabla ya Pasaka zitatundikika. Lakini rangi hii hukauka polepole, memsahib. Vanishi ya mwisho haipakwi kabla ya mwaka mmoja."

Hilo lilikuwa kweli kabisa, na ndilo lililomshangaza yeye mwenyewe. Memsahib akamtazama kuona kama anadanganywa tena, kisha akavuta karatasi yenye jina la shamba juu yake. Bwana wake alikuwa mtu wa kutia sahihi kitu chochote alichowekewa kando ya kikombe, kwa hiyo karatasi ile ilikuwa kama imekwisha kuwa barua. Akaandika jina la Zacheus Gachanja, fundi wa rangi, miezi kumi na miwili. Kalamu ikafika mwisho wa mstari ikainuka.

"Na mke wangu, memsahib. Nyathira."

"Bibi yako nafanya kazi gani hapa?"

Zacheus akaikunja kofia mpaka ikawa kama mkate. Alijua kwamba akinyamaza atatoka na karatasi nzuri yenye jina moja, na akisema huenda atatoka bila karatasi kabisa.

"Yeye ndiye aliyeosha," alisema. "Nilisema ni mimi. Si mimi. Ni yeye, na hakufanya kwa ubaya. Akipanda lori, na mimi napanda."

"Wewe nadanganya mimi mara mbili siku moja!"

Zacheus alihesabu kimoyomoyo, fremu, chai ya mgongoni na kuosha, akapata mara tatu, lakini hakumsahihisha. Memsahib alitazama ukuta, akatazama kiti, akatazama kalenda. Kisha akaandika mstari mmoja mrefu zaidi kuliko ilivyohitajika kwa jina la mtu, akapeleka karatasi kwa bwana verandani, akairudisha na sahihi.

Zacheus aliisoma njiani mara nne, kwa Kiingereza chake cha mabango. Ilisema abakie pamoja na mke wake Nyathira, ambaye haruhusiwi kugusa picha yoyote katika nyumba hii. Alipofika nyumbani alimtafsiria Nyathira mpaka kwenye jina lake, akaishia hapo. Nyathira akamwambia amsomee tena pale penye jina. Kisha akalia, na Zacheus akalia pia, na hawakuona aibu yoyote.

Jua lilikuwa halijazama Nganga alipobisha. Ukuta wa bati hauna siri. Aliomba kuiona barua, akaishika kwa ncha za vidole kama nguo ya harusi ya mteja.

"Ni nzuri," alisema. Akaendelea kuishika. "Gachanja. Hapa chini, kabla ya sahihi, pana nafasi."

Zacheus akainama akapatazama.

"Nafasi ya mstari mmoja. Fundi wa cherehani na mkewe, basi. Mwandiko huu wewe huuwezi? Wewe uliyemnakili Yesu?"

Aliuweza. Alikuwa ameutazama mara nne njiani, na bila kutaka alikuwa amekwisha kuujua: jinsi memsahib alivyoziacha herufi zake wazi juu, jinsi alivyokata mkia wa kila neno la mwisho. Wino mweusi alikuwa nao. Mbele yake alisimama mtu aliyembebea jeneza la Wacera. Nyathira alikuwa kwenye meko amewapa mgongo, na kijiko kilikuwa kimeacha kukoroga.

"Wakigundua, sote wanne tutaondoka," alisema Zacheus. "Tena si kwa lori la kwenda nyumbani."

"Ndiyo," alisema Nganga. "Ni kweli hiyo." Akairudisha barua, akaikunjua kona iliyokuwa imejikunja, akaenda kufunga mizigo yake.

Ijumaa malori yalikuja saa tatu. Askari watatu na karani mmoja walipita mlango kwa mlango. Zacheus alikuwa amejiandaa kueleza habari za picha na vanishi na mwaka mmoja, alikuwa hata na maneno ya kueleza kwa nini mke wake amekatazwa kugusa. Karani aliichukua karatasi, akatazama jina la shamba juu, akatazama sahihi chini, akapiga muhuri juu ya goti lake. Katikati hakusoma. Mstari wa Nyathira hakuufikia, na kama ungekuwepo mstari mwingine chini yake asingeufikia pia. Alirudisha karatasi akasogea mlango wa pili.

Nganga alikuwa amesimama pale pale mlangoni pake, hatua tatu tu, na aliona yote. Aliinama akashika cherehani yake upande mmoja, na chuma kile kilikuwa kizito kwa mtu mmoja. Nyathira alikuwa amekwisha kutoka bila kumtazama mumewe, amembebea mke wa Nganga magodoro kichwani. Zacheus aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake. Akaitia barua ndani ya shati, akaenda akashika upande wa pili wa cherehani, wakaipandisha kwenye lori.